Visu Saba kwa Harusi ya Bagira

Mimi niko mutu wa hasira, sifichi. Siku Feruzi alikuja kuniposa, mama yangu alimwambia mbele ya watu wote: "Baba, angalia vizuri, huyu mutoto iko na mudomo." Feruzi akacheka, akasema atanunua pamba ya kuziba masikio. Sasa ni miaka kumi na tisa, na pamba hajanunua.

Basi mutauliza, kama niko na mudomo hivyo, kwa nini Papa Masudi alinipa mimi kaye, ile daftari ya kuandika maneno ya radio? Papa Masudi alikuwa mwalimu wa géographie, akastaafu, na sasa ni prezida wa kamati yetu ndogo ya Waislamu wa Bukavu. Kamati iko na watu tisa, muhuri mumoja, na kabati moja yenye mulango haufungi. Kazi yetu ni kufuatilia namna radio za muji zinatusema na namna serikali inatutendea, na kudai haki pale imepotea. Kwa sababu tangu watu wabaya kule upande wa kaskazini walianza kuua na kujiita Waislamu, huku kwetu kila kofia nyeupe inaangaliwa mara mbili. Wengine mu kamati walitaka tutoke barabarani na mabango. Papa Masudi akakataa. "Mbele ya kulalamika," akasema, "tujue wamesema nini, siku gani, saa ngapi, na sauti ya nani." Na kwa sababu mimi ninashona nguo kwa mutaa wa Nyawera, na radio yangu inalia juu ya mashini toka asubuhi mpaka jioni, akanipa kaye mupya na kalamu mbili. "Sikitu, wewe unasikilizaka bure. Sasa andika."

Kanuni ya kaye ilikuwa moja: andika kwanza, kasirika nyuma. Neno kwa neno, na saa yake, bila kuongeza chumvi ya kwako. Mimi nilimwambia wazi kwamba kanuni ile ilitungwa na mutu asiye na damu. Akatabasamu, akaniambia nisipoteze kalamu.

Alhamisi ile nilikuwa ninashona shati za wanafunzi. Radio Jirani ikapiga muziki yake ya habari, saa mbili kamili ya asubuhi. Musomaji alikuwa Destin, sauti yake ninaijua hata mu usingizi. Akasema: "Polisi ya Bagira imemukamata asubuhi hii mwanaume mumoja wa dini ya Kiislamu, akiwa na visu saba ndani ya mufuko. Uchunguzi unaendelea." Nikaanza kuandika. Nilipofika pale pa namba saba, mukono ukasimama.

Feruzi iko na visu saba. Ninavijua kimoja kimoja, mimi ndiye ninafua kitambaa ya kuvifungia. Alikuwa ametoka nyumbani mbele ya jua, akavipeleka kwa munoaji karibu na pale bisi zinasimama. Nilimaliza sentensi, juu kanuni ni kanuni, nyuma nikapiga telefone yake. Imezimwa. Nikapiga tena mara sita, tena mara saba.

Lazima nieleze kazi ya Feruzi, juu musomaji wa mbali anaweza kushangaa. Hapa kwetu karibu kila mutu ni Mukatoliki. Lakini mutu akiwa na harusi ao sherehe ya ubatizo, anaita Muislamu aje achinje. Ni desturi ya zamani sana, tangu babu zetu walifika kutoka Kasongo: chungu ikuwe moja, mugeni yeyote akule, hakuna kuuliza nyama imetoka wapi. Bagira nzima, mutaa wetu, inamujua Feruzi kwa kazi ile. Anafika mapema, anavaa kanzu, anasema jina la Mungu, anachinja, anapewa shingo ya ng'ombe, anarudi nyumbani. Juma ile alikuwa na kazi kwa Maman Georgette, jirani wetu wa chini kidogo kwenye barabara yetu. Binti yake alikuwa anaolewa Jumamosi na kijana wa Nyangezi.

Nilifunga mashini, nikaweka kaye mu sakoshi, nikapanda moto, pikipiki ya kulipa, mpaka posti ya polisi ya Bagira. Ile njia yote ninamutukana dereva bure, masikini, yeye hata hakunijibu.

Waliningojesha kwa mulango mpaka saa sita. Komanda wa posti aliitwa Cyprien, mutu munene, mutaratibu, na radio ndogo juu ya meza yake. Akanipokea vizuri, niseme ukweli. "Maman, tulia. Tumemukuta na visu, tumeandika PV, ripoti ya polisi, ni hivyo tu. Anasema ni vya kuchinja kwa harusi lakini anakataa kusema harusi ya nani. Akisema, tunahakikisha, anarudi nyumbani hii jioni."

"Anakataa?"

"Muulize mwenyewe."

Wakanipeleka kwa dirisha ya kasho, chumba ya kufungia watu. Feruzi alikuwa amekaa chini, viatu wamemuvua, mushipi wamemuvua. Aliponiona akasimama haraka, akajaribu kujipanguza vumbi.

"Feruzi, kwa nini hutaji Maman Georgette?"

"Nikimutaja, hawa polisi wote watajua kuko harusi. Jumamosi watajaa kule wakidai bière. Watamuharibia mama wa watu siku yake."

"Uko mu kasho na unafikiri juu ya bière ya watu!"

"Usipige kelele, Sikitu."

Mungu anisamehe, nilitaka kumupiga, na tena nilitaka kumukumbatia, na ile chuma ya dirisha ilinizuia yote mbili. Nikarudi kwa komanda, nikataja jina: Maman Georgette, nyumba ya mulango wa bleu, chini ya bomba ya maji. Komanda akatuma polisi mumoja aende kuuliza. "Nusu saa," akaniambia, na akanipa kiti.

Tukakaa pale tukingoja, mimi na yeye na radio yake. Saa sita na nusu muziki ya habari ikalia. Sikuwa hata na nia ya kuandika, lakini mukono ulishazoea, ukaenda wenyewe mu sakoshi. Destin akasoma habari za bei ya unga, akasoma habari za barabara, nyuma akasema, na mimi niliandika juu ya magoti yangu, saa sita na dakika makumi tatu na ine: "Yule gaidi wa Kiislamu aliyekamatwa Bagira, kulingana na duru za polisi, alikuwa na mpango wa kushambulia harusi siku ya Jumamosi. Wakaaji wanaombwa kuwa macho."

Niliangalia komanda. Komanda naye alikuwa anaangalia radio, mudomo wazi.

"Duru gani za polisi?" nikamuuliza. "Polisi si ni wewe?"

Uso wa komanda ulibadilika pale pale. Aliacha kuniita maman. Nyuma yule polisi akarudi kutoka kwa Georgette, anahema sababu ya mupando. Akapiga saluti. "Komanda, yule mama anasema hakuita mutu. Anasema hamujui."

Hamujui! Feruzi alichinja mbuzi ya ubatizo wa watoto wake wote wane. Alichinja siku bwana yake alirudi kutoka hospitali. Huyo mama mimi ndiye nilishona robe, gauni ya binti yake ya komunyo ya kwanza, na kofia juu.

Komanda akafunga dosye, faili ya Feruzi. "Kesho saa kumi jeep itakuja. Atapelekwa kwa auditeur, mwendesha mashitaka wa jeshi, na kule wataamua. Kwa mambo kama haya, mara nyingi ni Kinshasa."

"Lakini PV yako inasema visu tu!"

"Maman, muji wote umesikia. Nikimuachilia leo, na kesho kitu kitokee, ni mimi. Hata kisipotokea, watasema Cyprien ameachilia gaidi. Niko na watoto." Ndivyo alisema, na macho yake yalikuwa ya mutu anayeogopa kweli. Hilo lilinitisha kuliko kama angenifukuza. Watu wanaoenda Kinshasa namna hiyo tunawajua. Kuna moja wa Kadutu, miaka ine sasa, bibi yake hajui hata gereza gani.

Jioni kamati ilikutana nyumbani kwa Papa Masudi. Mimi nilifika tayari ninawaka. Wawili wakasema tunyamaze, tusali, mambo yatapoa. Moja akasema Feruzi alikosea kutembea na visu siku hizi. Niliwaambia maneno ambayo siwezi kurudilia hapa. Papa Masudi aliniacha nimalize, kisha akanyoosha mukono.

"Kaye."

Nikamutupia. Akavaa miwani, akasoma ile ya saa mbili, akasoma ile ya saa sita na nusu, akarudia tena, polepole, na kidole juu ya kila neno.

"Asubuhi: mwanaume, visu saba. Saa sita: gaidi, mpango, harusi. Kati ya hizo saa, komanda aliongea na radio?"

"Hakuongea. Alisikia pamoja na mimi. Alishangaa kuliko mimi."

"Basi radio inasema imetoa kwa polisi, na polisi inamushika mutu sababu ya radio. Kila mumoja amejificha nyuma ya mwenzake." Akavuta karatasi, akaanza kuandika barua ya kudai haki ya kujibu, juu sheria inaturuhusu. Akaweka kopi kwa meya, kopi kwa chama cha waandishi wa habari, kopi kwa wengine sijui nani. Kila kopi muhuri, pap, pap, pap.

"Papa Masudi, jeep inakuja kesho saa kumi! Wewe unapiga mihuri!"

"Ninapiga mihuri juu mulinzi wa radio haogopi machozi yako, anaogopa muhuri. Sasa niambie, huyo Maman Georgette..."

"Sitaki kusikia jina yake."

"Sikitu. Soma hii ya saa sita tena. Harusi ya nani ilitaka kushambuliwa?"

Nikasoma. Aka! Bagira Jumamosi ile ilikuwa na harusi moja tu. Nilikuwa nimeandika kwa mukono wangu mwenyewe na hasira haikuniacha nione.

Sikulala sana. Ijumaa, saa ine ya asubuhi, nilikuwa kwa mulango wa bleu. Mu kiwanja ng'ombe ya harusi ilikuwa imefungwa kwa kamba, inakula majani, na kando yake masufuria makubwa yamegeuzwa chini. Hakuna mutu anaimba, hakuna mutu anapepeta muchele. Maman Georgette alikuwa amekaa peke yake kwa kiti ya plastiki. Aliponiona akataka kuingia ndani.

"Kimbia," nikamwambia. "Kimbia, na mimi ninakufuata mpaka chumbani."

Akakaa. Akaanza kulia mbele sijafungua mudomo. "Nilisikia radio. Shemeji yangu akasema, ukikubali ulimuita, watakushika na wewe. Nikaogopa. Sikitu, nikasema simujui."

"Na wakwe zako wa Nyangezi?"

"Wamepiga telefone jana jioni. Hawaji. Bisi wameikatalia. Wanasema hawaleti watu wao mahali wanangojewa na magaidi." Akajipanguza na kitenge. "Mutoto wangu amejifungia ndani na robe yake."

Nilikuwa nimekuja na matusi tayari, nimeyapanga njia yote. Lakini nilipomuona vile, nikatoa kaye, nikamusomea. Asubuhi, neno kwa neno. Saa sita, neno kwa neno. Nikamuuliza swali la Papa Masudi: "Harusi gani hiyo, Georgette?"

Nikaona inaingia mu kichwa yake polepole.

"Ni yangu," akasema. "Wanasema ni harusi yangu."

"Ni yako."

"Feruzi ashambulie harusi yangu? Feruzi? Yeye mwenye kumusemesha ng'ombe pole mbele ya kumuchinja?" Akasimama, kiti ikaanguka. "Nani alisema vile? Anaitwa nani? Anakaa wapi?" Na mimi, niliyejiita mutu wa hasira, nilirudi nyuma hatua moja. Akafungua kitenge ya kazi, akavaa ile ya misa, akavaa viatu, akamupigia binti yake kelele kupitia dirisha: "Usivue hiyo robe!" Na tukashuka muji.

Kwa mulango wa Radio Jirani mulinzi alitusimamisha: hakuna ahadi ya rendez-vous, hakuna kuingia. Nikamuonyesha barua ya Papa Masudi. Akaangalia muhuri, akageuza karatasi, akaona kopi kwa meya, akafungua. Papa Masudi, nisamehe, nilikucheka bure.

Destin ni kijana mwembamba, shati imepigwa pasi vizuri. Mu radio sauti yake ni kubwa, lakini mwenyewe ni mudogo, na alikuwa anakunywa chai na mukate. Nikamwambia mimi ni bibi ya yule gaidi wake. Chai ikamwagika kidogo.

"Maman, sisi tulisoma tu kile polisi ilisema."

"Polisi gani? Jina yake?"

"Na mimi sikusema gaidi. Wala sikusema harusi. Nilisema anashukiwa."

Ile ndiyo kitu walizoea, unajua. Maneno ya radio yakishatoka yanapotea mu hewa, na mutu anaweza kukana mpaka kesho. Nikafungua kaye, nikaweka juu ya mukate wake. Alhamisi, saa sita na dakika makumi tatu na ine, sauti ya Destin. Akasoma. Akasema si kweli. Nikamwambia: "Basi tusikilize wote, enregistrement, sauti iliyohifadhiwa, iko kwenu." Akaenda kwa mashini, akatafuta, na sauti yake ikajaza kile chumba: yule gaidi wa Kiislamu. Duru za polisi. Harusi. Hakuna neno hata moja lilikosekana mu kaye yangu.

Destin akakaa chini.

"Ni message ya WhatsApp," akasema. "Ilipita kwa groupe, nilikuwa na dakika tano mbele ya habari. Kila mutu alikuwa anaitumiana."

"Na ukaiita duru za polisi."

"Nikaiita duru za polisi." Sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Directeur iko safari Uvira. Akisikia hii atanifukuza."

Maman Georgette akavuta kiti, akakaa mbele yake goti kwa goti. "Mutoto yangu, na mimi nilikana jana. Nilisema simujui, na ninamujua miaka kumi na nane. Ninasikia haya mpaka sasa chakula haishuki. Lakini leo saa kumi huyo baba anapelekwa, na hatakuwa wewe wala mimi mu ile jeep. Wewe uko na habari saa sita na nusu?"

Destin akaangalia saa ya ukutani. Saa sita na dakika kumi.

Akatuingiza mu studio. Chumba kidogo, moto kweli, na kwa ukuta wamepiga misumari makartoni ya mayai. Muziki ikalia, na Destin akaanza, na sauti ikarudi kuwa ile kubwa: "Jana, saa hii, mimi Destin nilisoma habari ambayo sikuihakikisha. Nilisema imetoka kwa polisi. Haikutoka kwa polisi. Kabla ya kuendelea, tunapigia posti ya polisi ya Bagira."

Telefone ikalia mara mbili. Komanda Cyprien akapokea. Destin akamwambia kwamba wako hewani, watu wote wanasikia. Nikasikia kiti yake inalia kule Bagira.

"Komanda, PV yako inasema nini juu ya mwanaume aliyekamatwa jana?"

"PV... PV inasema visu saba. Mu mufuko."

"Inasema kundi lolote?"

"Hapana."

"Inasema mpango wa kushambulia harusi?"

"Hapana. Hiyo haimo."

"Basi wewe habari ya harusi uliipata wapi, komanda?"

Komanda akakohoa, akasema: "Kwa radio yenu."

Nilifunika mudomo na mukono juu nilitaka kucheka na kulia wakati moja. Destin alifunga macho kidogo. Nyuma akasukuma micro mbele ya Maman Georgette.

"Mimi ni Georgette wa Bagira," akasema, karibu sana na ile micro, inanguruma. "Harusi ni ya kwangu. Feruzi ni mimi nilimuita, na visu vilikuwa vya ng'ombe yangu. Jana polisi alikuja kuniuliza, nikasema simujui. Nilidanganya, juu niliogopa radio. Komanda, kama unataka kushika mutu, ni mimi nilisema uongo, niko hapa, ninavaa kitenge ya manjano. Lakini yule baba hana kosa. Na ninyi wa Nyangezi, kama munasikia, mutu ambaye mulimuogopa ndiye alikuwa anawatengenezea chakula. Ng'ombe inawangoja. Niko nimemaliza."

Destin akauliza: "Komanda, kuna sababu gani nyingine ya kumushika?"

Ile mutu alifikiria. Sasa muji wote ulikuwa unasikia upande mwingine, na nadhani alipima hilo pia. Sijali alipima nini. "Hakuna," akasema. "Hakuna sababu. Bibi yake aje na kitambulisho, tunafanya karatasi. Jeep nitaiambia isije."

Nilikaa chini mu studio, kwa sakafu, kati ya nyaya, na nikasema alhamdulilahi kwa sauti. Inaonekana ilienda hewani, juu watu bado wananitania nayo Nyawera. Maman Georgette aliniinua kwa kwapa. Nilimukumbatia. Sikuwa nimemusamehe yote, lakini nilimukumbatia sana.

Kule inje telefone yangu ikalia. Ni Papa Masudi, anatoka kwa sala ya Ijumaa, hajasikia kitu, wote walikuwa mu muskiti. Nikamwambia yote, haraka haraka, ninapayuka. Kisha akauliza: "Umeandika?"

"Papa Masudi, nilikuwa ndani ya radio! Nitaandika namna gani na mimi niko ndani ya radio?"

"Andika ungali unakumbuka," akasema, na sauti yake ikakatika, na nikajua analia, yule mutu asiye na damu.

Saa tisa Feruzi alitoka kwa kasho. Wakamurudishia viatu, mushipi, kanzu na visu vyake saba, na komanda mwenyewe alimusaidia kufunga ile kitambaa, kwa heshima nyingi, bila kumuangalia usoni. Hakusema pole. Papa Masudi tayari alikuwa anaandika barua ya kumuomba aiseme, na kopi kwa meya. Telefone ya Maman Georgette haikupumzika: Nyangezi wanauliza bisi iondoke saa ngapi.

Mimi niliita moto. Nilitaka Feruzi afike nyumbani, aoge, akule, nifunge mulango, nimuangalie tu. Akakataa kupanda.

"Tuende na miguu."

"Feruzi, umelala chini, hujala, ni mupando mutupu mpaka nyumbani."

"Wote walisikia walichosikia juu yangu. Wanione ninapita. Tuende na miguu, Sikitu."

Tukapita katikati ya barabara, yeye na mufuko ya visu mu mukono, wala hakuificha. Niliogopa, nasema kweli. Watu walitoka kwa milango. Wengine walisalimia kwa kelele nyingi kupita kiasi, na wengine walijifanya wanatafuta kitu mu mufuko. Hatukusimama. Nilikuwa nimeshika mukono wake, kitu hatufanyi mbele ya watu.

Tulipofika kwa duka ya mikate, Maman Séraphine alikuwa amesimama kwa mulango. Huyo, jana aliponiona ninatoka polisi, alivuta watoto wake ndani na akaweka kufuli mchana. Alituangalia tunapanda. Tulipofika karibu, akateremka ngazi moja, akafuta unga mu mikono, akaangalia ile mufuko ya visu.

"Papa Feruzi," akasema, "niko na kuku mbili za Jumapili. Utapita?"

Feruzi akasimama.

"Nitapita," akasema. "Asubuhi mapema, mbele ya misa yenu."